Siku Thelathini za Heshima

“Sema ndiyo, baba. Ndiyo tupu. Usiongeze kitu.”

Mzee Singano Mhina alikuwa ameegemea mito miwili, miguu imemvimba hadi ngozi inang’aa kama biringanya. Alimtazama binti yake kwa subira, kama mwenyeji anayemsikiliza mgeni aliyepotea njia.

“Ndiyo tupu,” alirudia. “Kama ugali usio na mboga.”

“Hivyo hivyo.”

“Haya, niulize.”

Mwantumu alijikohoza, akaiga ile sauti laini ya ukutani. “Mzee Singano Mhina, je, unakubali kupokea kichujio cha figo kesho saa mbili asubuhi?”

“Ndiyo,” alisema mzee, “Mungu akipenda.”

Mwantumu aliinama mpaka paji la uso likagusa chuma cha kitanda. Tangu chai ya asubuhi alikuwa amemuuliza mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja maneno yale mawili yalikuwa yamefuata nyuma ya ndiyo kama mkia unavyomfuata mbuzi.

Juu ya kitanda, ukutani, palikuwa na Msikizi. Kilikuwa kidude kidogo tu, kiasi cha kisahani cha sabuni, chenye taa nyeupe isiyozimika. Hospitali kubwa ya Korogwe ilikuwa nacho mwaka wa pili sasa, kila kitanda na chake. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Ukisema ndiyo, meza ya upasuaji ni yako. Ukisema hapana, kinakuuliza tena kesho. Ukionyesha hujaelewa, kinakueleza upya bila kuchoka, kwa Kisambaa ukitaka, au kwa Kizigua. Lakini ukikataa kwa ajili ya imani yako, hakiulizi tena. Taa hugeuka buluu, sauti husema, “Tunaheshimu imani yako,” na jalada lako hufungwa kwa siku thelathini, asije daktari wala ndugu akakubembeleza au kukutisha. Ziliitwa siku za heshima. Kichujio, ambacho hukuzwa ndani ya chupa kwa miezi sita kutokana na nyama ya mgonjwa mwenyewe, kikishakomaa hakikai zaidi ya wiki moja.

“Baba,” Mwantumu alisema bila kuinua kichwa, “ukisema hivyo saa kumi jioni, hawatakutibu.”

“Kwa nini? Si nimesema ndiyo?”

“Mashine haielewi.”

“Mashine iliyosomeshwa Kiswahili haielewi Mungu akipenda?” Mzee alicheka kidogo, kicheko kikamgeukia kikohozi. “Mimi nimekuwa mkuu wa stesheni miaka thelathini na minne. Kila siku naandika kwa chaki ubaoni: treni ya kwenda Moshi itafika saa nne na robo, Mungu akipenda. Alikuja mkaguzi akanifokea, akanambia hilo si neno la reli. Nikamwambia futa mwenyewe, mimi mkono wangu hauwezi.”

“Na treni ilikuwa inafika saa nne na robo?”

“Aa wapi! Ilikuwa inachelewa. Ndiyo maana niliandika.”

Mwanamke wa kitanda cha pili akacheka chini ya shuka. Mwantumu hakucheka.

“Kitabu kimesema usiseme juu ya jambo lolote kuwa utalifanya kesho, ila uongeze Mungu akipenda,” mzee aliendelea, sasa bila mzaha. “Kesho si yangu, Mwantumu. Nitamwahidije mtu kitu kisicho changu? Mimi sikatai dawa. Mama yako ndiye aliyekataa. Aliamua mwenyewe, akaniacha, na mimi sijamwelewa mpaka leo.”

Mwantumu alinyanyuka akajifunga mtandio. Alitaka kumwambia alichokijua juu ya mama. Miezi minane alikuwa hajamwambia.

“Naenda Barazani,” alisema. “Nitarudi kabla ya saa kumi.”

“Utarudi,” mzee alimsahihisha, “Mungu akipenda.”

*

Baraza la Jimbo la Usambara lilikuwa na miswada miwili mezani wiki ile: Mswada wa Afya Sikivu na Mswada wa Uhuru wa Ibada. Wa kwanza ulitaka Msikizi atoke kwenye majaribio awekwe katika kila zahanati ya jimbo, na kumbukumbu zake ziwe za mwisho, zisipingwe mahali popote. Wa pili ulitaka imani ya mtu isiguswe na mganga yeyote. Miswada hiyo ilishikana mikono kwenye kifungu cha kumi na nne, kile cha siku thelathini. Makanisani kilishangiliwa na misikitini kiliombewa dua. Watu walisema safari hii serikali imetukumbuka.

Mwantumu alikaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya chumba cha Kamati. Hata hapo ukutani palikuwa na Msikizi, taa nyeupe imetulia. Alihisi kinamtazama, ingawa alijua vizuri kuliko wengi kwamba hakina macho.

Pembeni yake alikuwa mama wa makamo aliyevaa gauni jeupe refu, miguu peku, kitambulisho cha shahidi kimening’inia shingoni. Mwantumu alilisoma jina: Tabea Semkiwa, Kundi la Mlima Kimya. Hao walikuwa watu wa milimani wasiotumia dawa wala sindano, tangu babu zao.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayetaka kutunyang’anya kifungu?”

“Sitaki kukinyang’anya. Nataka kibadilishwe.”

“Wote husema hivyo.” Mama Tabea aliongea polepole, bila hasira. “Mwaka ule wa homa watu wa hospitali walikuja na malori. Wanaume wanne walinishika mikono, wa tano akanichoma sindano. Mume wangu alikimbilia msituni, hatukumwona tena. Sasa kidude hiki kinaniuliza, nakataa, kinasema asante, kinanyamaza. Hakinibembelezi. Hakiniiti mjinga. Unajua ni mara ngapi maishani mwangu mtu wa hospitali ameninyamazia?”

Mwantumu alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa kwenye karatasi, na ghafla karatasi ikawa nyepesi mno mkononi.

Viatu vikalia sakafuni. Wakili Mgaya wa Mamlaka ya Msikizi alisimama mbele yake, suti ya kijivu, tabasamu limekaa kama kofia ya kuazima.

“Thelathini na moja,” alisema. “Habari za siku nyingi.”

Hakuna aliyemwita kwa namba ile tangu aache kazi.

“Unakumbuka ulichosaini?” Wakili aliinama, akishusha sauti kana kwamba anampa pole ya msiba. “Miaka mitano jela, dada. Na mzee yuko wodini, nasikia. Nani atamletea uji?”

*

Chumba cha Kamati kilikuwa na meza ya nusu duara, wawakilishi saba, na Msikizi mwingine ukutani. Mwenyekiti, Mheshimiwa Penina Kaniki, alikuwa amefundisha kwaya ya Kilutheri kabla ya siasa, na bado aliwanyamazisha watu kwa kuinua kidole kimoja. Mkono wake wa kulia alikaa Mheshimiwa Bakari Kilua, mwenye magodauni ya mkonge, mtu wa mwili na maneno.

Mama Tabea aliitwa kwanza. Aliyasema yale yale aliyoyasema benchini, hakupunguza wala hakupamba, na akamaliza kwa kusema, “Kiacheni kifungu kama kilivyo. Ni mara ya kwanza tunalala usingizi.” Wawakilishi walitikisa vichwa kwa huruma. Kisha akaitwa Mwantumu.

Alisimama.

“Naitwa Mwantumu Singano. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Nilikuwa mchambuzi wa maneno.”

“Mheshimiwa Mwenyekiti!” Wakili Mgaya alikuwa amekwisha simama. “Shahidi huyu ana kiapo cha siri. Kila neno analotamka kuanzia hapo ni kosa la jinai.”

Mwenyekiti aliinua kidole. “Nimekusikia, Wakili. Lakini kama ni wa kukamatwa, si afadhali akamatwe akiwa amemaliza? Endelea, mwanangu.”

Mwantumu akaendelea. Aliwaeleza lile godauni kuukuu la mkonge, watu arobaini wamevaa visikizi masikioni, kila mmoja na namba. Sentensi za watu zilikuwa zikiingia moja moja, sauti za kweli za watu wa kweli, na mchambuzi anazitia kwenye vikapu vinne: Ndiyo, Hapana, Hajaelewa, na Imani. Mashine ilijifunza kwa kuwatazama wao. Ulichokitia wewe mara moja, yenyewe ilikitia mara elfu.

“Wiki ya pili aliingia mama mmoja. Ameulizwa kama atamleta mtoto kliniki. Akajibu, nitamleta Mungu akipenda. Nilisimamisha mkono. Si ndiyo tupu. Si hapana. Ameelewa. Nikaenda kumuuliza msimamizi, nikaambiwa yuko kwenye chai. Mama yangu alinifundisha kuchambua mchele, na kwake ilikuwa mwiko kuacha punje kwenye ungo. Kila punje iende mahali. Nikaona, si amemtaja Mungu? Nikaitia kikapu cha nne.”

Karani wa Kamati aliacha kuandika.

“Haikuwa uongo. Ni neno la imani. Lakini hakuna aliyetuambia kikapu cha nne kingepelekwa wapi. Mwaka uliofuata, mtu ofisini, sijui nani, alikiunga na kukataa. Labda alifikiri anawaheshimu watu. Tangu hapo, kila anayejibu kama tunavyojibu sote, Msikizi anamwandika amekataa tiba.”

“Ngoja, ngoja,” alisema Mheshimiwa Kilua. “Mimi nasema Mungu akipenda mara mia kwa siku. Mbona sijafa?”

“Hujaulizwa, Mheshimiwa.”

Wengine wakacheka. Kilua naye alicheka, kisha akajisogeza mbele, kiti kikalia.

“Basi niulizwe! Mimi navaa bandiko la sukari, hili hapa.” Akakunja mkono wa shati, akaonyesha kiraka cha rangi ya ngozi juu ya kiwiko. “Kila Ijumaa nabadilishiwa. Karani, washa hicho kidude.”

“Mheshimiwa, nakuomba usifanye,” Mwantumu alisema.

“Dada, tulia. Umetuletea hadithi, tuionje.”

Karani alitaja jina na namba. Taa nyeupe ya ukutani ikapepesa, na sauti ikatoka, laini, yenye lafudhi ya nyumbani kabisa, kama shangazi anayeuliza habari za watoto.

“Mheshimiwa Bakari Kilua, je, unakubali kubadilishiwa bandiko lako siku ya Ijumaa?”

“Naam! Nitakuja, tena mapema, Mungu akipenda!” Akawageukia wenzake, mikono amekunjua. “Haya, kikapu gani hicho?”

Taa ikawa buluu.

“Tunaheshimu imani yako,” ilisema sauti.

Waliangua kicheko. Karani alicheka mpaka akafuta macho. Kilua alipiga meza. “Kweli bwana! Kidude kimenifanya sheikh!” Kisha kicheko kikaanza kumpungukia, kama maji yanayokatika bombani. “Karani, hiyo imeandikwa wapi?”

“Kwenye jalada lako la afya, Mheshimiwa.”

“Ifute.”

Karani aligusagusa kioo chake. Akagusa tena. “Haikubali.”

“Wakili,” alisema Mwenyekiti, “fungueni.”

Wakili Mgaya alirekebisha tai. “Haifunguki, Mheshimiwa. Hakuna aliye na ufunguo, hata Mamlaka. Ufunguo ukiwepo, daktari atautumia kumsumbua muumini. Ndivyo viongozi wa dini walivyotuomba wenyewe. Baada ya siku thelathini ataulizwa tena.”

“Bandiko hili linaisha Ijumaa!” Kilua alikuwa amelishika kiraka kile kwa kiganja, kama mtu anayezuia damu. Uso wake mpana ulikuwa umepauka. “Nitakaaje siku thelathini bila sukari yangu kupimwa? Mwenyekiti! Nimesema naam! Wote mmenisikia nimesema naam!”

Hakuna aliyecheka tena. Mwakilishi mmoja wa mwisho wa meza alianza kusema, “Kesho tuta—” akakatiza, akatazama ukutani, akafunga mdomo. Mwantumu aliona hofu ikizunguka meza ile, ikiwagusa mmoja mmoja. Yeye alikuwa ameishi nayo miezi minane. Haikumpa raha kuiona kwa wengine.

“Mama yangu aliitwa Bi. Mwanaasha,” alisema. “Aliulizwa kama atapokea tiba, tarehe kumi na sita Februari, saa kumi jioni, nikiwa nimemshika mkono. Akasema, nitashukuru sana mwanangu, Mungu akipenda. Kikamjibu, tunaheshimu imani yako. Na mama akakiambia, asante. Alifikiri kinamwonyesha adabu. Alifariki siku ya kumi na tisa. Baada ya mazishi nikaona karatasi: amekataa kwa imani, mfano wa sentensi, mchambuzi thelathini na moja. Waheshimiwa, katika wodi ile moja, watu sitini na wawili wameheshimiwa. Waliokuwa wakikataa kweli ni tisa.”

Mwenyekiti alivua miwani. “Unataka tufute kifungu?”

Hilo ndilo swali aliloliogopa. Aligeuka akamtazama Mama Tabea, aliyekaa wima, mikono juu ya mapaja, miguu peku imeshikana.

“Hapana. Mkikifuta, malori yatarudi mlimani. Naomba kibadilishwe. Mtu anayekataa, akatae mbele ya mtu aliye hai. Na huyo mtu asiwe wa hospitali. Awe wake mwenyewe, aliyemchagua, anayejua anavyoongea. Mashine iandike tu baada ya huyo kusema, ndiyo, hivyo ndivyo anavyomaanisha.”

“Na asiye na mtu?” Mama Tabea aliuliza kutoka nyuma. Hakuomba ruhusa, na Mwenyekiti hakuinua kidole. “Mimi mtu wangu alipotelea msituni. Nani atanisemea? Wewe, mwanangu? Wewe ukimpenda mtu, utamwacha akatae?”

Mwantumu aliikunja karatasi yake, akaketi.

Walijadiliana kwa muda wa saa mbili. Kilua, aliyekuwa amekuja kupitisha miswada yote miwili kabla ya chakula cha mchana, sasa alitaka irudishwe, ichanwe, ichomwe. Mwishowe Mwenyekiti alisoma uamuzi: kifungu cha kumi na nne kirudi kwa waandishi, maneno “mbele ya mtu aliye hai, aliyechaguliwa na mgonjwa” yaingizwe, kura ipigwe Alhamisi, baada ya hapo saini ya Gavana, na siku ishirini na moja za kutangazwa.

Mwantumu alilifuata joho la Mwenyekiti mpaka mlangoni. “Mheshimiwa, baba yangu anaulizwa leo. Saa kumi. Toa amri kisimamishwe kwa siku moja tu.”

Mwenyekiti alisimama, akamgeukia. Alikuwa na macho ya mtu aliyezika wengi.

“Leo saa kumi sina sheria, mwanangu,” alisema. “Nina mswada tu.”

Pale nje Wakili Mgaya alimkabidhi bahasha. Jumatatu, saa tatu asubuhi, aje na kitambulisho na nguo za kubadilisha.

*

Alifika wodini saa kumi kasoro dakika nne, mtandio umemwanguka mabegani. Mzee alikuwa ameketi wima. Redio ndogo ilikuwa juu ya shuka, imezimwa, na yule mwanamke wa kitanda cha pili alikuwa amegeukia ukutani ili asionekane anasikiliza. Kikao chote kilikuwa kimetangazwa.

“Kwa hiyo hakukataa,” alisema mzee.

“Hakukataa, baba.”

“Alisema kama ninavyosema mimi.”

“Kama unavyosema wewe. Na mimi ndiye niliye—”

“Nimesikia wewe ndiye.” Hakumtazama. Alikuwa akiipapasa redio kwa kidole gumba. “Miezi minane nimemnunia marehemu, Mwantumu. Naenda kaburini nanuna. Namwambia, uliona nini kule kizuri kuliko mimi, mpaka ukakataa kubaki?” Aliiweka redio kando. “Kumbe alikubali.”

Mwantumu alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alingoja apigwe kofi, au aambiwe atoke. Badala yake mkono uliovimba ulikuja ukatua juu ya goti lake, mzito na wa moto.

“Baba, zimebaki dakika mbili. Nakuomba. Mungu anajua moyo wako, hahitaji ulisikilizishe hilo dude. Sema ndiyo, unyamaze, kisha umwambie Yeye moyoni.”

“Mama yako alikufa na neno hilo mdomoni,” alisema mzee. “Sasa leo, nikijua hivyo, ndipo nilimeze? Nimwogope kisahani cha sabuni kuliko Aliyeniumba?” Hakuwa amekasirika. Alikuwa ametulia kama mtu aliyekwisha pakia mizigo yake. “Usiniombe hilo. Niombe kitu kingine chochote.”

Nesi Foibe, msichana mwembamba wa zamu ya jioni, alikuja akasimama miguuni pa kitanda na kioo chake mkononi. Alijua. Wote wodini walijua. Aliwatazama mmoja mmoja, kisha akayashusha macho kwenye kioo na hakuyainua tena.

Taa nyeupe ikapepesa.

“Mzee Singano Mhina, shikamoo,” ilisema sauti. “Je, unakubali kupokea kichujio cha figo kesho saa mbili asubuhi? Tafadhali jibu. Nitasikiliza mpaka utakaponyamaza kwa sekunde tatu.”

Mzee alivuta pumzi. Kifua chake kilipanda, na Mwantumu akaona shingo yake ikinyooka, vile ilivyokuwa ikinyooka zamani alipokuwa akisimama jukwaani na bendera ya kijani kuipisha treni.

“Ndiyo,” alisema mzee kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni, na midomo yake ikafunguka tena.

Mwantumu alimziba.

Hakuwa ameamua. Mkono ulikwenda wenyewe. Kiganja kilifunika mdomo na ndevu, mkono wa pili ukashika kisogo, akakibana kichwa cha baba yake kifuani pake kama anavyobanwa mtoto asilie wakati majambazi wanapita. Mzee alishtuka. Vidole vyake vilimkamata kifundo cha mkono, vikavuta, lakini havikuwa na nguvu. Maji ya mwilini yalikuwa yamekwisha kula nguvu zake zote. Macho yake yalimwangalia kutoka chini, yamefunguka sana, na hakukuwa na hasira ndani yake. Yalikuwa yakimuuliza.

Moja. Nesi Foibe alikuwa akisoma kioo kisichokuwa na kitu.

Mbili. Alikumbuka kwamba hata sasa angeweza kumwachia.

Tatu.

“Asante, Mzee Singano,” ilisema sauti. “Tutaonana kesho saa mbili.” Taa ikawa ya kijani.

Yule mwanamke wa kitanda cha pili alianza kulia polepole, uso kwenye mto. Nesi alitembea haraka kuelekea mlangoni. Ilikuwa imekwisha, kesho meza ilikuwa ya baba yake, na hakuna aliyekuwa na ufunguo wa kuifuta ile ndiyo.

Mwantumu hakuondoa mkono. Aliogopa akiuondoa atasikia. Chini ya kiganja, kwenye unyevu wa pumzi ya moto, aliihisi midomo ya baba yake ikienda, polepole, haina sauti, ikilimalizia neno.